Jinsi ya Kufuata Pesa za Serikali Hadi kwa Mtoto Wako Shuleni: Mwongozo kwa Wazazi wa Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mwezi wa Januari, kabla kengele ya kwanza ya muhula haijalia, mzazi wa Kisumu huwa ameshapiga hesabu ya sare, viatu, madaftari na nauli, na mara nyingi huwa amekopa kwenye chama chake cha akiba ili hesabu hiyo itimie. Hesabu ambayo wengi wetu hatuipigi ni ile ya fedha ambazo serikali ya kitaifa imetenga kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Tangu Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, kila mwanafunzi wa shule hizo, na baadaye wa sekondari pia, hutengewa kiasi fulani kwa mwaka, ambacho walimu hukiita kapitesheni na magazeti hukiita mgao. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, shilingi 15,042 kwa yule wa sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, na shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Mgao hutakiwa kufika kwa mafungu matatu: asilimia 50 katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na asilimia 20 katika wa tatu. Kila mwalimu mkuu atakuambia kwamba huchelewa, na kwamba wakati mwingine huja pungufu, naye husema kweli.

Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 600 wa msingi. Mgao wao wa mwaka, kwa kiwango hicho, ni shilingi 852,000, na fungu la muhula wa kwanza ni shilingi 426,000. Sehemu ya mgao, hasa ule wa sekondari, hubaki wizarani kugharamia mambo kama vitabu, kwa hiyo kinachoingia benki huweza kuwa kidogo kuliko hesabu hii. Hata hivyo, mzazi aliyeipiga kabla ya mkutano huja na swali mkononi, ilhali yule ambaye hakuipiga huketi akisubiri kuambiwa atoe kiasi gani. Nimekuwa mwakilishi wa darasa, kisha mwenyekiti wa chama cha wazazi, katika shule moja ya umma viungani mwa Kisumu, na kwa miaka yote hiyo nimeona kwamba mtoto hunufaika na fedha za umma pale ambapo jamaa zake wanajua jina lake limeandikwa wapi, nani huketi wakati fedha zinapopangwa, na barua ipelekwe kwa nani zisipoonekana. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hakikisha kwanza kwamba mtoto amehesabiwa

Serikali hulipa kwa kufuata majina yaliyo kwenye mfumo wake wa kompyuta. Kwa miaka kadhaa mfumo huo umekuwa NEMIS, na sasa wizara inauhamishia kwenye mfumo mpya uitwao KEMIS. Ndani yake kila mtoto ana nambari yake ya utambulisho, na ili aipate lazima awe na cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na nambari anaweza kukaa darasani mwaka mzima, akafundishwa na kusahihishiwa kazi zake, huku chaki na karatasi anazotumia zikinunuliwa kwa fedha za wenzake. Katika darasa la watoto 60, wakikosekana 8 kwenye mfumo, ni darasa zima linalopungukiwa.

Nilijifunza jambo hili nyumbani kwangu. Kwetu mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa, jina la marehemu wa ukoo na jina la ubatizo, na kila ofisi huchagua mawili yanayoipendeza. Binti yangu alikuwa na majina mawili kwenye kadi ya kliniki, mengine mawili kwenye cheti cha kuzaliwa, na shuleni akaandikishwa kwa lile ambalo nyanya yake alilizoea. Hakuna aliyetuambia kuna tatizo hadi alipofika gredi ya 6 na jina lake likakosekana katika orodha ya tathmini ya kitaifa. Kurekebisha kulituchukua miezi mitatu na safari nne, na uchungu wangu mkubwa ni kwamba kazi hiyo ingefanyika kwa siku moja alipokuwa gredi ya 1.

Kwa hiyo, katika majuma mawili ya kwanza ya muhula, nenda shuleni ukiwa na cheti halisi cha kuzaliwa pamoja na nakala yake. Mwombe mwalimu anayeshughulikia usajili akuonyeshe jina la mtoto kwenye mfumo, ulilinganishe na cheti herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kisha uinakili nambari ya mtoto nyuma ya nakala yako. Usiridhike na jibu kwamba watoto wote wameingizwa. Ikiwa cheti hakijapatikana, anza kwa chifu na msajili wa vizazi wa kaunti ndogo; maombi hufanywa pia kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na katika vituo vya huduma za serikali viitwavyo Huduma Centre vya Kisumu, Kakamega na Nakuru utapata watu wa kukuelekeza. Usajili uliochelewa huhitaji ushahidi zaidi, kama vile kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au vitambulisho vya wazazi, hivyo ni vyema kubeba kila karatasi uliyo nayo ili usirudishwe nyumbani. Familia za Nyando ambazo karatasi zao huchukuliwa na mafuriko zinaweza kuomba cheti kingine kwa kuwa rekodi yenyewe hubaki kwa msajili.

Mtoto anayehama ana hatari ya pekee. Shule ya zamani isipomwachilia kwenye mfumo, shule mpya haiwezi kumpokea humo, na mgao wake huendelea kwenda alikotoka. Unapochukua barua ya uhamisho, omba jambo hilo lifanyike ukiwa bado umesimama ofisini.

Jua kinacholipiwa na kisicholipiwa

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inafafanua zaidi katika kifungu chake cha 29: shule ya umma haitamtoza mzazi karo ya mafunzo, michango mingine inaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria masomo kwa sababu ya kutolipa michango hiyo, na hakuna mtu atakayepokea mchango bila kutoa risiti rasmi. Ningependa kila mzazi ayakariri mambo hayo manne kama anavyojua nambari yake ya simu, kwa sababu mzozo karibu wote unaozuka langoni mwa shule unapata jibu lake humo.

Hilo halina maana kwamba kila mchango ni dhuluma. Mgao hautoshi, na mwalimu mkuu mwenye walimu wachache kutoka TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, hulazimika kutafuta fedha za kumlipa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, hata anapojua kwamba wazazi wamechoka. Ninachoshauri ni kuutenganisha mchango uliojadiliwa, ukaidhinishwa na kutolewa risiti, na ule uliotangazwa tu kupitia kwa mtoto jioni kwamba kesho asije bila mia mbili. Wa kwanza changia, au eleza hali yako mapema uandikiwe mpango wa kulipa polepole. Wa pili uulizie kwa heshima: ulipitishwa katika mkutano gani, na risiti yake iko wapi? Ukilipa kwa simu, lipa kwenye akaunti ya shule, usitume kwa nambari ya mtu binafsi hata kama ni mwalimu unayemwamini, kwani siku atakapohamishwa hutakuwa na ushahidi wowote.

Chakula cha mchana kinastahili maneno zaidi. Mpango wa kitaifa wa lishe shuleni umeelekezwa hasa katika maeneo kame na kwenye baadhi ya mitaa maskini ya mijini, kwa hiyo shule nyingi za Siaya, Vihiga, Busia na Kisumu hulisha watoto kwa mikono ya wazazi wenyewe. Sahani ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, saa saba mchana humweka mtoto darasani kuliko onyo lolote, na ndiyo sababu sijawahi kuupinga mchango huu. Katika shule yetu tulikubaliana kwamba mzazi asiye na fedha taslimu alete mahindi na maharagwe kwa kipimo cha gorogoro baada ya mavuno ya Agosti, au kuni, au afanye zamu ya kupika. Tulifungua daftari moja la ghala ambalo huandikwa kila kinachoingia na kila kinachotoka, likitiwa sahihi na mpishi, mwalimu wa zamu na mzazi mmoja. Daftari hilo la shilingi chache liliondoa minong'ono iliyokuwa imedumu kwa miaka mingi, na idadi ya wazazi waliochangia ikaongezeka bila mtoto yeyote kurudishwa nyumbani.

Ketia kiti chako katika chama cha wazazi

Wazazi wengi hudhani kwamba chama cha wazazi ni kikundi cha watu wachache waliochaguliwa na mwalimu mkuu. Sheria ya 2013 inasema vingine. Kila mzazi mwenye mtoto katika shule ni mwanachama, na Jedwali la Tatu la sheria hiyo linataka kuwe na kamati yenye mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili, na mkutano mkuu kila mwaka. Mwenyekiti wa chama na wanachama wengine wawili huingia katika bodi ya usimamizi wa shule, mahali ambapo bajeti hujadiliwa. Bodi yenyewe ina viti sita vya watu waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali hapo, mbali na wawakilishi wa mfadhili wa shule, walimu na watu wenye mahitaji maalumu. Miongoni mwa kazi ambazo chama kimepewa ni kulinda afya na lishe ya wanafunzi, kudumisha uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi, na kujadili na kupendekeza michango itakayotozwa. Mchango ambao chama hakikuujadili, basi, umeruka hatua iliyowekwa na sheria.

Uchaguzi wa mwakilishi wa darasa mara nyingi hufanywa kwa haraka mwishoni mwa mkutano, wakati kina mama wanaouza katika soko la Kibuye wameshaanza kuondoka. Ukitaka kusaidia, jitokeze hapo. Huhitaji shahada wala Kiingereza, bali uwe unaweza kufika mara tatu kwa muhula, kuandika au kumwomba mtu akuandikie, na kuwarudishia wazazi wenzako habari kama zilivyo. Baada ya kuchaguliwa, kusanya nambari za simu za wazazi wa darasa lako, lakini kumbuka kwamba wapo wasio na simu za intaneti. Kwa hao, ujumbe mfupi wa kawaida au neno la mzee wa kijiji hufika vizuri zaidi.

Kabla ya mkutano mkuu, mwandikie katibu, ambaye kwa kawaida ni mwalimu mkuu, uombe mambo matatu yaletwe kwa maandishi: fungu la mgao lililopokelewa na tarehe lililoingia benki, matumizi ya muhula uliopita, na idadi ya wanafunzi walio kwenye mfumo ikilinganishwa na walio darasani. Omba hivyo siku kumi au zaidi kabla ya mkutano. Swali linaloulizwa kwa ghafla mbele ya watu mia mbili humfanya mwalimu mkuu ahisi ameviziwa, hata kama hesabu zake ni safi, na mkutano hugeuka kuwa ugomvi ambao mtoto hapati faida yoyote ndani yake. Nimewaona walimu wakuu waadilifu wakifurahia swali lililotangulia, kwa kuwa huwapa nafasi ya kueleza shida zao: kwamba fungu la muhula wa kwanza liliingia Machi, kwamba stima ilikatwa, kwamba mwalimu wa bodi hajalipwa. Hakikisha pia kwamba kumbukumbu za mkutano zinaandikwa na kusomwa katika mkutano unaofuata.

Lugha ni jambo ambalo tumelipuuza sana. Katika mitaa ya Nakuru kama Kaptembwo na Bondeni, wazazi ni wa jamii nyingi na mkutano huendeshwa kwa Kiswahili bila mjadala. Vijijini Siaya au Vihiga, mkutano huweza kuanza kwa Kiingereza cha ripoti, ukaenda Kiswahili, na nyanya anayelea wajukuu wanne akatoka bila kuelewa amekubali kulipa nini. Teueni mtafsiri kabla ya mkutano, na hesabu ziandikwe ubaoni kwa tarakimu kubwa, kwani tarakimu hueleweka hata kwa asiyesoma barua.

Jambo la kuazima kutoka Marekani

Huko Marekani, ambako elimu huendeshwa zaidi na majimbo na wilaya, serikali ya shirikisho iliingia kwa nguvu kupitia Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliitia sahihi tarehe 11 Aprili 1965, Texas, kwenye shule ndogo aliyosomea utotoni, mwalimu wake wa kwanza akiwa ameketi kando yake. Sehemu ya kwanza ya sheria hiyo, inayojulikana kama Title I, hupeleka fedha za ziada kwa shule zenye watoto wengi kutoka familia maskini. Fedha hizo hulipia walimu wa ziada wa kusoma na hesabu, vifaa na saa za masomo za nyongeza, na shule ambayo angalau asilimia 40 ya wanafunzi wake ni wa familia hizo inaweza kuzitumia kuinua shule nzima.

Kilichonivutia zaidi ni masharti yanayohusu wazazi. Wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 lazima itenge angalau asilimia 1 ya fedha hizo kwa kushirikisha familia, na asilimia 90 ya kiasi hicho iende kwenye shule zenyewe, huku wazazi wakishirikishwa kuamua kitumikeje. Kila shule hufanya mkutano wa mwaka kueleza programu hiyo, hutakiwa kuweka mikutano katika nyakati tofauti, asubuhi au jioni, ili wanaofanya kazi wafike, na fedha hizo zinaruhusiwa kulipia usafiri, uangalizi wa watoto wakati wa mkutano au ziara za walimu nyumbani. Habari hutolewa, kadiri inavyowezekana, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Zaidi ya hayo, shule na wazazi huandika pamoja mkataba unaoeleza shule itafanya nini, mzazi atafanya nini, na mwanafunzi naye atafanya nini ili masomo yaimarike.

Sisi hatuna sheria inayotenga asilimia 1 hiyo, lakini mkataba hauhitaji fedha. Tuliuandika wetu kwa jioni mbili, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kidholuo. Walimu waliahidi kumpigia mzazi simu mtoto akikosa siku mbili mfululizo na kurudisha kazi iliyosahihishwa kila Ijumaa. Wazazi tuliahidi kumwachia mtoto nusu saa ya kusoma kabla ya kumtuma dukani, na kufika kila siku ya kuonyeshwa matokeo. Ukitaka kuandika wa shule yenu, weka mambo machache yanayoweza kuhesabiwa. Ahadi ya kushirikiana kwa karibu haimsaidii mtu, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba imevunjwa. Tulibadilisha pia siku ya mkutano, tukaitoa Jumatano asubuhi tukaipeleka Jumapili alasiri baada ya ibada, na kwa mara ya kwanza nikawaona kina baba wa boda boda wakiwa wengi kuliko viti.

Huduma ambazo hazihitaji hata shilingi

Zipo programu ambazo mzazi hupoteza kwa kutojua tu. Dawa za minyoo hutolewa shuleni bila malipo katika kaunti zetu, pamoja na dawa ya kichocho katika maeneo ya ufuo wa Ziwa Victoria ambako ugonjwa huo umeenea. Usimfiche mtoto nyumbani siku hiyo. Ni huku kwetu Busia ambako wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 na kuchapisha mwaka 2004 kwamba dawa hizo zilipunguza utoro kwa takriban robo. Wataalamu wengine wamezijadili upya takwimu zao, ila hakuna anayebisha kwamba mtoto mwenye minyoo anastahili kutibiwa. Mlishe kabla ya kuondoka, na umweleze mwalimu iwapo ni mgonjwa.

Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanaitaka serikali impe visodo vya bure, vya kutosha na vya ubora kila msichana aliyebaleghe aliyesajiliwa katika shule ya umma. Usambazaji umekuwa na mapengo, na wasichana huona haya kuuliza. Mwakilishi wa darasa aulize kwa niaba yao, na aulize idadi ya paketi zilizofika na siku zilipogawiwa. Vitabu vya kiada navyo vimekuwa vikitumwa na serikali moja kwa moja shuleni tangu 2018. Mtoto akija na orodha ndefu ya vitabu vya kununua, uliza kwanza ni vipi kati ya hivyo ambavyo shule tayari imepokea.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, anza na kituo cha tathmini cha wizara, ambacho walimu hukiita EARC, ambako mtoto hupimwa na mzazi kushauriwa kama atafaa shule ya kawaida yenye msaada au shule maalumu. Eneo letu lina shule za miaka mingi kama Joyland ya wenye ulemavu wa viungo na ile ya wasioona ya Kibos huko Kisumu, shule ya viziwi ya Mumias na ile ya Ngala mjini Nakuru. Mwandikishe mtoto pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwa kadi yake hufungua mlango wa misaada ya vifaa na karo. Mzazi asione aibu. Nimekutana na watoto waliofichwa hadi miaka kumi ambao walianza kusoma ndani ya mwaka mmoja baada ya kupimwa.

Basari

Mgao haugharamii bweni, na hapo ndipo basari huingia. Chanzo kikubwa kimekuwa NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo katika maeneobunge 290. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba, ikaweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake, kwa hiyo pita katika ofisi ya eneobunge lako uulize hali ilivyo kabla ya kuitegemea. Kaunti nazo zimekuwa zikitoa basari kupitia wadi. Kwa mtoto mwenye alama nzuri kutoka familia isiyojiweza, fuatilia ufadhili wa Elimu Scholarship na ule wa Jomo Kenyatta Foundation, ambao hutangazwa wakati wa matokeo ya mitihani.

Andaa bahasha moja mapema: nakala za cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi au mlezi, cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, barua ya kujiunga na shule, muundo wa karo wenye muhuri, matokeo ya mwisho na barua ya chifu. Chukua fomu siku ya kwanza inapotolewa, na haipaswi kuuzwa. Jaza sehemu ya mapato kwa ukweli na kwa undani: badala ya kuandika kwamba wewe ni maskini, eleza kwamba unauza omena, unapata kiasi gani kwa juma, na unalea watoto wangapi. Wanakamati husoma mamia ya fomu zilizoandikwa neno moja, na ile iliyoeleza maisha ya mtu huonekana. Hundi inapotolewa, fika shuleni uthibitishe kwamba imeingizwa katika akaunti ya mtoto wako na upewe risiti.

Majibu yasipopatikana

Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa bodi, na baada ya hapo mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Katika kila hatua acha barua, utiwe muhuri kwenye nakala yako. Ikiwa kuna dalili za wizi, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Kisumu, na wizara ina wakaguzi wake wa hesabu za shule. Usimtaje mtu kuwa mwizi katika mkutano au kwenye kikundi cha simu kabla ya ukaguzi, kwani unaweza kumwonea asiye na hatia, na mtoto wako bado atafundishwa katika shule hiyo hiyo.

Chombo ambacho wazazi wachache hukitumia ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na afisa anatakiwa kumsaidia mwombaji asiyeweza kuandika. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Taasisi hupaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua yetu iliyofaulu ilikuwa fupi namna hii:

“Kwa kuzingatia kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ninaomba nakala ya taarifa inayoonyesha kiasi cha mgao wa serikali ambacho shule ilipokea katika muhula wa kwanza na wa pili, tarehe za kupokelewa, na jinsi kilivyotumiwa. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa gredi ya 5. Nitachukua nakala hizo ofisini.”

Ukinyimwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman na ambayo ina tawi Kisumu. Sisi hatukufika huko. Jibu lilikuja siku ya 17, kurasa tatu zenye muhuri, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyependekeza tuzibandike kwenye ubao wa matangazo kando ya lango, ambako kila muhula tangu wakati huo huwekwa kurasa mpya.